Teksi za Nchi za Watu: Mwongozo Kamili kwa Anayeondoka Mtwara

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba na pesa za mnada zikianza kuingia, abiria ninaowapeleka uwanja wa ndege huongezeka. Mmoja anakwenda Guangzhou kufuata vipuri vya pikipiki, mwingine Dubai, mama wa watu anampeleka mumewe India kutibiwa, kijana amepata chuo Kampala. Tukiwa njiani, karibu wote huniuliza swali lilelile: "Kaka, nikishuka huko, teksi zao zikoje?"

Naendesha teksi hapa mjini mwaka wa 14 sasa, kijiwe changu kiko jirani na Hospitali ya Ligula. Mwaka 2018 nilimsindikiza mama yangu Chennai kwa matibabu, na siku ya pili tu nikaumizwa. Tulikuwa watatu: mama, mimi na binamu yangu. Nikasimamisha bajaji nje ya hospitali, nikaelewana na dereva rupia 150. Tulipofika akasema 150 ni ya mtu mmoja, jumla 450. Mama amechoka, jua linawaka, mimi sijui neno hata moja la Kitamil. Nikalipa. Usiku ule sikupata usingizi, maana hii ndiyo kazi yangu, na nilifanya kosa ambalo abiria wangu wa Mtwara hawezi kulifanya.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila anayerudi kutoka safari namuuliza: ulipandaje, ulilipaje, walikutoza vipi? Nayasoma pia yaliyoandikwa kuhusu kazi hii kwa wenzetu. Ninachoandika hapa kimetoka humo, nimekipanga kwa mfuatano wa safari yenyewe.

Hatua ya 1: Jua huko wanaita nini "teksi"

Usidhani neno ni moja kila mahali. Hapa kwetu teksi ni gari dogo la kukodi, basi. Ukifika Kampala ukasema unataka "taksi", utapelekwa kwenye ile ya viti 14 ambayo sisi tunaiita hiace au daladala. Gari dogo la kukodi wao wanaliita "special hire". Yule kijana wa chuo alikalia kiti cha hiace na mabegi yake matatu mapajani akisubiri gari "lake" liondoke, wakati linasubiri abiria wengine 13.

Afrika Kusini ni hivyohivyo. Teksi ya wananchi ni basi dogo la pamoja, na mara nyingi halina kondakta. Unasimama kando ya barabara na kuonyesha kidole: Johannesburg, kidole cha shahada kikielekea juu maana yake unakwenda katikati ya mji, kikielekea chini ni safari ya hapahapa mtaani. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi mbele, na aliyekaa kiti cha mbele ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Kwa hiyo kama hesabu za haraka zinakusumbua, usikae mbele. Teksi ya kukodi yenye mita ipo pia, ila lazima useme kwamba hiyo ndiyo unayoitaka.

Kwa majirani zetu wa Msumbiji, daladala ni "chapa", na bajaji, hasa Maputo, inaitwa "txopela", tamka chopela. Ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala utakuta Wamakonde wenzetu, ila lugha ya ofisi na ya barabarani inageuka kuwa Kireno na pesa zinakuwa meticais. Anayefikiria upande ule aulize kwanza hali ya usalama ya Cabo Delgado siku hizo, kwa sababu mashambulizi yaliyoanza 2017 yamebadilisha njia nyingi.

India, bajaji wanaiita "auto". Ukisema bajaji wengi watadhani unazungumzia kampuni, kwa sababu Bajaj ndiyo kampuni ya India iliyotupa sisi jina hilo.

Hatua ya 2: Jua bei inapangwa na nani, na lini

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukiikosea hii, hata ukijua mengine yote utalia. Katika daftari langu nimegundua kwamba nchi hazitofautiani sana kwa magari. Zinatofautiana kwa mtu anayepanga bei na wakati anaoipanga.

Tuanze na kwetu. Basi la Dar limeingia usiku, mama wa makamo anashuka na mabegi mawili na ndoo.

"Shikamoo mama, karibu. Tunaelekea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Chuno, karibu na msikiti. Shilingi ngapi?"

"Elfu saba tu, mama."

"Saba? Mwanangu, mimi si mgeni hapa. Nina elfu nne."

"Mama, usiku huu na mizigo yote hii? Toa tano twende."

"Haya, fungua buti."

Ndani ya ile elfu tano kuna mafuta, kuna hesabu ya bosi mwenye gari ambayo lazima niipeleke iwe nimepata vichwa au sikupata, na kuna safari ya kurudi kijiweni mtupu. Mama anajua hivyo, na mimi najua kwamba anajua. Bei imepangwa na sisi wawili, kabla ya gari kuwaka, na imeshajumuisha watu wote na mizigo yote. Haya ndiyo maelewano, na yanatumika pia sehemu nyingi za Msumbiji na kwa special hire za Uganda. Kanuni yake ni kutopanda kabla ya kuelewana. Ukishakaa ndani na mabegi yako yamo kwenye buti, huna tena nguvu ya kushusha. Na nje ya nchi usiseme namba tupu. Sema namba, sema "wote watatu", onyesha mizigo, taja sarafu. Mimi 2018 nilitaja namba tupu.

Njia ya pili ni mita. Hapo bei imepangwa na serikali au halmashauri ya jiji, na kazi ya dereva ni kuendesha tu. Kwa kweli hata jina teksi limetokana na mita hiyo: Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn alitengeneza kipimo cha nauli mwaka 1891, kikaitwa taksameta, na magari yaliyokifunga yakabaki na kipande cha jina. Nasi tukalichukua jina bila kipimo chake.

Dubai, London, New York, Ujerumani, Japani, miji mikubwa ya China: kote huko teksi halali ina mita, na ukimuuliza dereva "shilingi ngapi?" anaweza kukushangaa au kukuonyesha kidole kwenye kioo cha namba. Hajakudharau. Ni kwamba swali lako halina jibu mpaka safari iishe. Kinachotakiwa ni kuhakikisha mita imewashwa ukiwa umekaa, na kwamba imeanza na nauli ya kuanzia, si na nauli ya abiria aliyeshuka. Jua pia kwamba mita ina nyongeza zake halali. Dubai huanzia juu zaidi ukipandia uwanja wa ndege kuliko ukipandia barabarani, na gari likipita kwenye lango la ushuru wa barabara, ushuru huo unaongezwa kwenye bili yako. New York wana bei moja ya kutoka uwanja wa JFK kwenda Manhattan, dola 70 tangu mwisho wa 2022, lakini juu ya hizo kuna ushuru wa madaraja au mahandaki, tozo ndogondogo na bakshishi. Mtu asikwambie "sabini" ukabeba sabini kamili.

Halafu kuna nchi ambazo mita ipo kwenye dashibodi lakini hailii. Madereva wengi wa auto Chennai ni wa aina hiyo. Cairo walibadilisha teksi za zamani nyeusi na nyeupe kwa mpango ulioanza 2009, wakaleta nyeupe zenye mita, na bado wasafiri wanaopitia kule huniambia lazima uiombe kabla gari halijaondoka. Dereva akisema mita mbovu, shuka kwa adabu, subiri nyingine. Mwenye mita nzima yuko nyuma yake.

Njia ya tatu ni kaunta. Hii naipenda sana kwa mgeni, na natamani tungekuwa nayo viwanja vyetu. Katika viwanja vikubwa vya ndege vya India, kabla hujatoka nje kuna dirisha la teksi za kulipia kabla ya safari. Unataja unakokwenda, unalipa, unapewa karatasi yenye namba ya gari. Karatasi hiyo ndiyo pesa ya dereva, kwa sababu ataipeleka kudai malipo yake. Kwa hiyo usimpe akikuomba mwanzoni. Ishike mpaka umeshuka, umetoa begi la mwisho, na umehakikisha hapa ndipo. Siku tuliyofika, karatasi ile ndiyo iliyotufikisha na mama salama saa tisa usiku bila neno hata moja la kubishana. Maumivu yangu ya bajaji yalikuja kesho yake.

Njia ya nne ni programu ya simu. Bei inapangwa na kompyuta ya kampuni, unaiona kabla, na inapanda mvua ikinyesha au watu wakitoka kazini. Kenya, Uber iliingia Nairobi 2015, na leo mgeni atakuta Bolt, Little na nyinginezo. China ni DiDi, iliyoanza 2012 na kuinunua biashara ya Uber ya huko mwaka 2016. India wana Ola. Nchi za Waarabu wana Careem, ambayo ilinunuliwa na Uber. Kila nchi ina ya kwake, kwa hiyo programu unayotumia Dar inaweza isikusaidie kitu ukivuka.

Mambo mawili kuhusu programu. La kwanza, bei ya kwenye simu haimalizi maneno kila mahali. Nairobi, dereva anaweza kukupigia kwanza akuulize unakwenda wapi na unalipaje, na mwaka 2024 mvutano wa nauli ulifikia madereva kubandika orodha zao za bei ndani ya magari. Dereva akitaka kuongeza, kubali au kataa kabla ya kupanda, kama maelewano ya kwetu. Namwelewa dereva yule, kwa kuwa kampuni ikikata asilimia yake na mafuta yakipanda, anayebaki na mzigo ni yeye. La pili, programu inaweza kuzimwa. Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania Aprili 2022 baada ya LATRA, mamlaka yetu ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, ikarudi Januari 2023. Weka programu mbili kwenye simu, siyo moja.

Hatua ya 3: Lijue gari halali kwa macho

Mgeni anayetoka na begi uwanjani huonekana kwa mbali, na kuna watu kazi yao ni kumfuata mlangoni wakisema "teksi, teksi". Nchi nyingi mtu huyo si dereva wa teksi halali. Teksi halali ina alama, na alama hizo jifunze ukiwa bado Mtwara.

Kwetu angalia kibao cha namba: gari la biashara lina kibao cheupe, la mtu binafsi lina cha njano. Dubai, gari ni la rangi ya krimu na paa lina rangi ya kampuni, na paa la waridi ni teksi ya wanawake na familia, dereva mwenyewe mwanamke. Dada anayesafiri peke yake usiku alijue hilo. Muscat ni chungwa na nyeupe, na hapo nina habari njema: udereva wa teksi Oman umewekwa kwa ajili ya raia wa Oman, na kwa kuwa familia nyingi za kule zina asili ya Zanzibar na pwani yetu, si ajabu hata kidogo dereva akakujibu kwa Kiswahili. Mteja wangu mmoja alipanda akihangaika na Kiingereza, dereva akamwambia, "Mama, sema tu Kiswahili, bibi yangu alizaliwa Unguja."

New York teksi za kusimamisha barabarani ni za njano, zina leseni ya bati iliyogongwa kwenye boneti. Mfumo huo wa leseni chache ulianza kwa sheria ya 1937. Ujerumani nyingi ni za krimu hafifu. Mumbai, nyeusi na njano.

London nitakaa kidogo, kwa sababu kama dereva pananigusa moyo. Kuna aina mbili za magari. Lile jeusi lenye umbo la kizee ndilo pekee linaloruhusiwa kusimamishwa barabarani, na taa ya juu ya paa ikiwaka maana yake halina mtu. Magari mengine ya kukodi lazima yaagizwe kabla, kwa simu au programu. Anayekufuata kituoni akisema twende, hata kama gari lake ni zuri, anavunja sheria na huenda bima haikuhusu.

Dereva wa gari jeusi lazima afaulu mtihani unaoitwa "the Knowledge", yaani Maarifa, ulioanza 1865. Anatakiwa kuzishika kichwani njia 320 za mfano na mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya kilomita 10 hivi kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, hoteli na vituo vya polisi vilivyomo. Njia ya kwanza kabisa ni ya kutoka Manor House kwenda Gibson Square. Wanafunzi wanazunguka na pikipiki ndogo, ramani imebanwa mbele kwenye usukani, mvua inawanyeshea, miaka mitatu au minne. Kisha wanaketi mbele ya mtahini, wanatajiwa sehemu mbili, na wanaitaja njia kwa mdomo, kona kwa kona. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walipima ubongo wa madereva hao wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Mimi najua Mtwara nzima kwa mti, kwa duka, kwa nyumba ya marehemu fulani, na hakuna aliyewahi kunipa cheti. Niliposoma habari za wale wazee wa London nilifurahi kwamba kuna mji uliokiita kitu hiki maarifa.

Hatua ya 4: Maandalizi kabla hujaondoka

Andika anwani kwa maandishi ya huko. Hapa kwetu ukisema "Magomeni, nyuma ya ile godauni" inatosha. Guangzhou haitoshi, na hata Kiingereza mara nyingi hakitoshi. Mwombe mwenye hoteli akutumie jina na anwani kwa herufi za Kichina, uichapishe karatasini. Ukishafika, chukua kadi ya hoteli pale mapokezi uiweke mfuko wa shati. Huyo mteja wangu wa vipuri anayo ya tangu safari yake ya kwanza, imechakaa pembe zote.

Badilisha noti ndogo. Dereva wa popote duniani akipewa noti kubwa saa kumi na moja alfajiri hana chenji. Simzungumzii mwongo tu, hata mkweli hana. Kwa China, malipo karibu yote ni ya simu, WeChat au Alipay. Ziunganishe na kadi yako ukiwa nyumbani, ambako ukikwama kuna wa kukusaidia.

Nunua laini ya simu ukiwa bado ndani ya uwanja, au uhakikishe laini yako inafanya kazi nje. Programu bila intaneti haina maana.

Na saa. Ukiunganisha ndege Addis Ababa na ukalala huko, elewa kwamba Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: saa mbili yao ni saa mbili yetu, asubuhi. Lakini tiketi imeandikwa 08:00. Ukimwambia dereva au hoteli "saa nane" kwa kusoma tiketi, anaweza kuja mchana. Ni nchi pekee kwenye daftari langu ambako Mswahili yuko nyumbani kwa saa, na hapohapo ndipo anapoweza kuachwa na ndege.

Hatua ya 5: Kupanda na kukaa

Kwanza, upande wa barabara. Kenya, Uganda, Malawi, Zambia, Msumbiji, Afrika Kusini, India, Uingereza na Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia, Misri, Oman, Saudia, Falme za Kiarabu, Uturuki, China na Marekani wanaendesha kulia. Maana yake kwa abiria ni mbili: ukivuka barabara magari ya karibu yanatokea kushoto kwako, si kulia. Na ukishuka, mlango salama ni wa kulia, unaofungukia kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mkono wako utautafuta mlango wa kushoto kwa mazoea. Uzuie.

Kiti nacho kina adabu zake. Mtwara abiria wa peke yake hukaa mbele, tunapiga stori, na akikaa nyuma kama bosi namwona hataki maneno. London na New York mahali pa abiria ni nyuma, na ndani ya lile gari jeusi pembeni ya dereva panawekwa mizigo, hapana kiti cha abiria. Japani usiguse mlango kabisa. Mlango wa nyuma upande wa kushoto unafunguliwa na kufungwa na dereva mwenyewe, na ukiuvuta unaweza kuuharibu.

Kwa pikipiki, Kigali wana utaratibu wa kuigwa: abiria mmoja tu, na dereva ana helmeti ya pili kwa ajili yako. Mishikaki ya kwetu, watu watatu juu ya bodaboda moja, kule haipiti. Nawaombea vijana wa kijiwe changu siku tuufikie utaratibu huo, maana Ligula hapa naona wanavyoletwa.

Ukitumia programu, soma kibao cha namba kabla ya kufungua mlango, na muulize dereva "unamchukua nani?" Usitaje jina lako wewe kwanza. India, gari la Ola au Uber haliwezi kuanza safari bila namba ya siri ya tarakimu nne iliyo kwenye simu yako. Mtajie ukishakaa ndani, si kupitia simu akiwa mbali.

Hatua ya 6: Njiani na kulipa

Fungua ramani kwenye simu yako hata kama hujui mji. Huhitaji kumfundisha dereva njia. Inatosha aone kwamba unaifuatilia. Akichepuka muulize kwa upole, kwani huenda anakwepa foleni. Funga mkanda hata nyuma.

Bakshishi ndiyo inayowachanganya watu wetu zaidi. Kwetu hakuna utaratibu. Mtu akifurahi anasema "chenji kaa nayo" na tunashukuru. Marekani ni karibu deni: asilimia 15 hadi 20 juu ya nauli, na usipoitoa umemnyima dereva sehemu ya kipato anachokitegemea. Uingereza watu huzungusha nauli ifike namba nzima, au asilimia 10. Japani na China usitoe. Japani dereva anaweza kukukimbilia kukurudishia, na wewe ukadhani amekasirika.

Kenya lipa kwa M-Pesa, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kwingineko lipa ukiwa bado ndani ikiwa ni mita. Lakini London abiria wengi bado hushuka kwanza, wakasimama dirishani kwa dereva na kulipa. Ni desturi yao, usishangae.

Chukua risiti daima. China inaitwa "fapiao", inatoka kwenye mita, na ina namba ya teksi. Mteja wangu alisahau kifurushi cha sampuli kwenye buti. Kwa karatasi ile mapokezi ya hoteli walipiga simu kampuni ya teksi, na jioni kifurushi kikarudi. Asingeipokea ile karatasi, jiji lenye watu mamilioni angeanzia wapi?

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Ukigombana na dereva kuhusu bei, usigombane ndani ya gari wala mahali peupe pasipo watu. Mwambie akufikishe mlangoni hotelini au hospitalini, toa mizigo yote kwanza, kisha mwite mlinzi au mhudumu. Mara nyingi bei hushuka mtu wa tatu akitokea. Mimi Chennai mlinzi wa nyumba ya wageni alikuwa hatua kumi kutoka pale, na sikumwita kwa aibu.

Piga picha ya kibao cha namba kabla ya kupanda, umtumie mtu wa nyumbani. Ni sekunde mbili. Namba za polisi ziandike kwenye karatasi ileile ya anwani: 112 Tanzania na India, 999 Kenya, Uingereza na Falme za Kiarabu, 911 Marekani, 110 China.

Karatasi hiyo usiitupe ukirudi. Ukishuka uwanjani Mtwara tutaelewana bei kama kawaida, na njiani utanisomea uliyoyaona huko. Ukurasa wa Istanbul kwenye daftari langu una mistari miwili tu, na wa Saudia bado ni mweupe, ingawa mahujaji wa Mikindani kila mwaka wananiahidi.